Dhambi Saba za Kuazima

Kosa lenyewe lilianza kwa mapenzi, na kosa la mapenzi ni gumu kulikamata, maana huja limeoga na kuchana nywele.

Jumanne jioni Mama Pini alikuwa kwenye cherehani yake, anamalizia gauni jeupe la kumi na moja. Wasichana wa Komunyo ya Kwanza walikuwa kumi na wawili, na wote aliwashonea yeye. La kumi na mbili, la binti yake mwenyewe, aliliacha nyuma, kwa kuwa fundi hujishonea akishawavika wenzake. Binti alikuwa na miaka tisa, mwembamba, mwenye ncha. Baba yake alimwita Pini siku ya kwanza alipomshika, na jina likamganda kuliko lile la ubatizo. Saa hiyo alikuwa amelala kifudifudi sakafuni, penseli mdomoni, mdogo wake wa mwaka mmoja kamkalia mgongoni kama amepanda punda.

"Mama, Jumamosi ndiyo tunaungama. Mzee Chaki kasema kwenye mafundisho kila mtu atulie ajichunguze."

"Umejichunguza?"

"Nimejichunguza mpaka nikasinzia."

Mama Pini alicheka, kisha kicheko kikamkatikia njiani. Alijiona mwenyewe na umri huohuo, amepiga magoti kwenye kiungamio, mdomo umekauka kama chokaa. Padre wa siku zile alikuwa mzee na masikio yake yalikuwa mazito, basi akapaza sauti: "Sema, mtoto! Sema, nakusikiliza!" Foleni nzima nje ikaangua kicheko. Miaka miwili baadaye mama yake aliugua, shule ikaishia hapo. Lakini kicheko hakikuishia hapo. Alikuwa mtu mzima, ana mume na watoto wawili, anasoma masomo ya jioni ili apate cheti cha malezi ya watoto, na bado akiulizwa swali mbele za watu alikisikia kilekile, nyuma ya kisogo.

Ungamo la Pini halitakuwa hivyo. Aliacha gauni, akavuta daftari lake la masomo ya jioni, akafungua ukurasa mtupu.

"Njoo hapa, mama. Tutayapanga vizuri, usije ukababaika."

Akaandika yeye. Kumjibu mama kwa mkato. Kunywa maziwa ya mdogo wangu. Kusinzia wakati wa sala. Kusema nimepiga mswaki kumbe sijapiga. Kumwonea mwenzangu wivu kwa ajili ya viatu. Kuficha kitana. Kucheka kanisani mtu alipojikwaa. Yalikuwa saba, yamepangwa kama vifungo kwenye shati.

"Haya, nakili kwa mwandiko wako, yawe yako."

Pini aliinuka, mdogo wake akaporomoka taratibu kama mzigo wa nguo. Akashika penseli, akasita.

"Mama, na lile la..."

"Lipi tena?"

"Lile la mimi na..."

"Hilo la kitoto, mwanangu. Haya ndiyo ya maana. Na padre naye ana watoto wengine, usimmalizie siku."

Pini alimtazama mama yake kitambo. Halafu akainama, akanakili.

Kesho yake Mama Pini alikuwa darasani. Darasa lenyewe lilikuwa chumba cha nyuma ya kanisa, na madawati yalikuwa ya watoto, kwa hiyo kila mtu mzima alisoma magoti yakiwa yamegonga mbao. Aliyewafundisha alikuwa Sista, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde.

"Kazi ya mwalimu Mkatoliki ni nini?" aliuliza.

"Kufundisha watoto sala," alijibu mmoja.

"Hata kasuku anajua sala. Mwingine."

"Kuwanyoosha."

"Unanyoosha nguo, bibi. Mtoto si shuka."

Walipokwisha kucheka, Sista aliweka chaki chini. Alisema kwamba ndani ya kila mtu Mungu amejijengea chumba kimoja, nacho ndicho dhamiri. Mzazi ni mwalimu wa kwanza, hakuna anayemnyang'anya cheo hicho, si shule wala serikali. Anaweza kumfagilia mtoto njia ya kwenda kwenye kile chumba, akamwashia taa, akamshika mkono hadi mlangoni. "Lakini kuingia, haingii. Ukiingia wewe, mtoto atabaki nje ya nyumba yake mwenyewe."

Mama Pini aliyaona maneno hayo mazuri mno. Aliyaandika, akayapigia mistari miwili kwa kalamu nyekundu. Lau angepindua ukurasa uleule angeziona dhambi saba kwa mwandiko wake, wino wa mistari ile ukizichungulia kutoka upande wa pili. Hakupindua.

Darasa lilipokwisha, Sista alimwita pembeni. Jumamosi alasiri kutakuwa na mkutano wa wazazi. Alitaka mzazi mwenzao aseme nao dakika kumi, na amemchagua yeye. "Ukiwaelewesha kama unavyoandika, mwakani nakupa darasa la wadogo. Nahitaji mtu mwenye huruma."

Alirudi nyumbani hajui miguu yake inakanyaga nini. Alhamisi na Ijumaa, kila alipokanyaga cherehani, alikuwa anawahutubia watu.

Jumamosi asubuhi Pini aliungama. Alikaa kwenye kiungamio muda wa kusoma mistari saba, akatoka, akamaliza sala zake za kitubio, akaenda nje kucheza. Hakuna aliyecheka. Mama Pini, aliyekaa nyuma na mtoto mdogo mapajani, alimshukuru Mungu, na kidogo akajishukuru na yeye.

Mtoto wa mwisho alipoondoka, Mzee Chaki akatokea kwenye mlango wa sakristia na kumwita kwa kidole. Alikuwa katekista, mwalimu mstaafu, na chaki ilikuwa imemkaa kwenye kucha miaka mingi hata maji hayakuiweza. Pini alikuwa tayari ndani, amesimama mbele ya meza.

"Tumsifu Yesu Kristo, Mwalimu."

"Milele amina. Kaa, mama."

Hakukaa. Mezani palikuwa na vikaratasi vitano.

"Nimeviokota chini ya mabenchi," alisema Mzee Chaki. "Cha kwanza nilikisoma nijue ni cha nani, nimrudishie. Cha pili nikadhani macho yamechoka. Watano, mama! Watoto watano wamekunywa maziwa ya wadogo zao. Hata binti wa kinyozi, naye ni kitinda mimba! Huyo mdogo wake anayenyang'anywa maziwa yuko wapi, tumboni mwa nani?"

Siku nyingine Mama Pini angecheka mpaka ashike ukuta.

"Nimewauliza. Wenzake wanne wamenakili kwa Pini jana, kwa kuwa karatasi yake ilikuwa nzuri na imepangwa. Wamekwenda mbele ya Mungu na dhambi za kuazima." Akamgeukia mtoto. "Pini, haya si maneno ya mtoto. Nani alikutungia?"

Pini alitazama vidole vyake vya miguu. Kimoja kilikuwa kinachorachora sakafuni.

"Niliandika mwenyewe."

"Hakuna aliyekusaidia?"

"Hakuna."

Neno lilikuwa limeshafika kooni kwa Mama Pini. Lilikuwa neno dogo tu: mimi. Lakini ukutani, juu ya kichwa cha Mzee Chaki, ilibandikwa ratiba ya mkutano, na kwenye saa tisa iliandikwa: *Mama Pini, Mzazi ni Mwalimu wa Kwanza*. Akaisoma. Akaona lile darasa la wadogo linapita mbele yake. Akasikia na kicheko, kilekile, nyuma ya kisogo. Akalimeza lile neno, likashuka kama kokwa.

Angenyamaza tu ingekuwa nafuu. Lakini mwenye hofu hajui kunyamaza. Alisikia sauti yake mwenyewe, kavu, inasema: "Pini! Ndivyo nilivyokulea?"

Mtoto aliinua macho. Hayakuwa na machozi wala hasira. Yalimtazama mama yake kama mtu anayemshikia mwenzake mlango apite.

"Nisamehe, Mama," alisema.

Mzee Chaki alikunja vile vikaratasi, akavitia mfukoni. Akasema atamwomba padre kwamba Pini asipokee Komunyo kesho, asubiri kundi lijalo. "Si adhabu. Ni muda wa kujifunza kwamba kitubio si mtihani wa kutazamia kwa jirani."

Walipotoka, padre alikuwa uani anafunga geti dogo. Mama Pini alimtazama usoni, atafute dalili. Dhambi zake saba huyo bwana amezisikia asubuhi hiyo mara tano mfululizo. Uso wa padre haukusema kitu. Aliwaamkia, akamfinya mtoto mdogo shavu, akaenda zake. Alichoambiwa kwenye kiungamio kimekwenda kwa Mungu, na yeye hana cha kumrudishia mtu.

Karibu na nyumbani Pini alivuta kitambaa cha mama yake.

"Umekasirika?"

"Hapana."

"Usiogope basi. Sikukutaja."

Alilisema kwa fahari kidogo, kama mtoto anayemletea mama yake ua. Mama Pini alisimama katikati ya njia. Mwanawe alikuwa ametoka kuungama, na hata saa haijaisha amesema uongo ndani ya kanisa, mbele ya mwalimu wake, kwa ajili yake. Na tuzo aliyopewa ni kugombezwa. Uongo huo hakuna aliyemwandikia kwenye daftari. Amejifunza kwa kuangalia tu, kama watoto wanavyojifunza yote.

Mumewe, fundi bomba, alikuwa mlangoni anasafisha spana zake. Alimwangalia mke wake usoni.

"Nani kafa?"

"Mimi," alisema, akaingia ndani.

Gauni la kumi na mbili lilikuwa linaning'inia nyuma ya mlango, pindo bado limeshikwa na pini. Alikaa mbele yake akamweleza mumewe, kwa sauti ya chini, kutoka ile Jumanne. Alipofika kwenye "ndivyo nilivyokulea" sauti ilimwishia, ikabidi aanze upya. Mumewe aliendelea kufuta spana moja ileile.

"Maji yakivuja darini," alisema mwishowe, "hatuigombezi sakafu kwa kulowa."

"Najua."

"Basi kama unajua, mimi sina la kuongeza. Mimi mtu wa mabomba."

"Nikisema, darasa la mwakani limekwenda. Na watu watanicheka."

"Watakucheka. Kinyozi atacheka mpaka avunje benchi." Akaweka spana chini. "Na usiposema?"

Pini alikuwa sebuleni anamnywesha mdogo wake maziwa, anajikaza macho yasiende kwenye gauni.

Saa tisa ukumbi wa parokia ulikuwa umejaa. Kinyozi alikaa mbele, na alikuwa ameshaanza. "Jamani, mke wangu hanisemeshi tangu saa sita," aliwaambia jirani zake. "Mwanangu kaungama kanywa maziwa ya mdogo wake. Mke wangu anauliza, huyo mdogo umemzaa na nani?" Watu walicheka. Mzee Chaki hakucheka. Sista alisimama ukutani, mikono ndani ya mikono ya kanzu. Watoto walirundikana madirishani, na Pini alikuwa dirisha la mwisho, kidevu juu ya ukingo.

Mama Pini alifika mbele na daftari. Hotuba ilikuwa kurasa nne, inaanza na "Wapendwa wazazi wenzangu." Alitafuta ukurasa, akaangukia ile mistari miwili myekundu. Mara hii akapindua.

"Nilikuwa na hotuba," alisema. "Nzuri. Siisomi."

Kinyozi aliacha kuzungumza na jirani zake.

"Zile dhambi za maziwa ni zangu mimi. Mwandiko huu hapa." Akainua daftari kwa mikono miwili. "Nilimwandikia mwanangu kitubio chake. Yeye alikuwa na lake moja la kusema, nikamwambia la kitoto. Leo asubuhi Mwalimu kamuuliza nani kaandika, mtoto akajitwisha yeye ili asinitie aibu. Nami nilikuwa nimesimama palepale. Nikamgombeza."

Halafu kinyozi akapiga paja.

"Kumbe! Mke wangu, umesikia? Sina mtoto wa nje mimi!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Kilikuwa kilekile cha foleni ya zamani, kile cha nyuma ya kisogo, ila safari hii kilikuja kwa mbele. Uso ulimwaka hadi masikioni. Alitamani sakafu ifunguke. Sakafu haikufunguka, na yeye akabaki amesimama ndani ya kicheko, akashangaa kuona kwamba bado anapumua.

"Cheka, baba," alimwambia kinyozi, "mimi mwenyewe ningekuwa huko ningecheka. Ila nisikilizeni neno moja. Nilifundishwa kwamba mzazi ampeleke mtoto hadi mlangoni. Mimi niliingia ndani, nikapanga viti, nikamwacha wangu nje." Akageukia dirisha la mwisho. "Mwanangu, hukukosa wewe. Nilikosa mimi. Naomba unisamehe."

Kichwa cha Pini kilitoweka dirishani kwa aibu. Watoto wenzake wakakiinua tena kwa nguvu.

Kutoka nyuma sauti ya mama mmoja ikasema polepole, "Mimi wangu nilimwandikia tano." Hakuna aliyegeuka kumtazama, na pengine hiyo ndiyo heshima kubwa waliyompa.

Mkutano ulipovunjika, Mzee Chaki alimfuata mlangoni. Alitoa vile vikaratasi vitano mfukoni, akavichana vipandevipande mbele yake.

"Nami nilisoma kisicho changu, kisha nikamhukumu mtoto kwacho," alisema. "Padre bado yuko kanisani. Anayetaka kurudi, arudi, bila karatasi. Kesho Pini atapokea na wenzake."

Sista alikuwa wa mwisho kutoka. Mama Pini alimwahi kabla hajasema.

"Darasa la mwakani, Sista... nimeelewa."

"Umeelewa nini? Mimi mwenyewe bado sijaelewa." Hakutabasamu, wala hakununa. "Sikupi ahadi, na sikunyimi. Jumatano njoo darasani kama kawaida. Sasa mtoto anakungoja."

Halikuwa jibu alilolitaka, lakini lilikuwa limempa Jumatano.

Kanisani mlikuwa na giza la ubaridi na harufu ya nta. Mama Pini alimshika binti yake mkono kutoka mlangoni hadi mahali ambapo mabenchi yanaishia, pakabaki hatua nne za sakafu tupu kabla ya kiungamio. Pale akaachia.

"Sina karatasi," alinong'ona Pini.

"Ndiyo."

"Na nikikauka?"

"Ukikauka, kaa na ukavu wako humohumo. Padre atangoja."

Pini akaenda, mikono mitupu, akaingia. Mama Pini alirudi hadi benchi la mwisho kabisa, mbali, asije akasikia hata kwa bahati mbaya. Kwanza hakusikika kitu. Kisha mnong'ono, mwembamba kama uzi. Ukakatika, ukaunganika tena. Ulichukua muda mrefu kuliko mistari saba. Alijikuta anajiuliza: lile la mimi na... nani? Na mdogo wake? Na yeye mwenyewe, mama? Aliikunja mikono, akaombea kisichomhusu bila kukijua jina.

Pini alitoka amekunja uso, kama mtu aliyebeba ndoo akaitua bila kumwaga. Akapiga magoti, akasali, kisha akaja mbio, akakumbuka yuko kanisani, akatembea.

Nje, jua lilikuwa limelegea. Swali lilikuwa limefika kooni kwa Mama Pini, palepale lilipokaa lile neno la asubuhi. Akalimeza. Hili lilishuka bila kukwaruza.

Walikwenda hadi kwenye kona ya duka la vitambaa.

"Mama, huniulizi?"

"Sikuulizi."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Pini aliwaza hatua kadhaa. Halafu akautia mkono wake ndani ya mkono wa mama yake, wenyewe, bila kuitwa.

Nyumbani mama alimsimamisha juu ya kigoda, akamvisha gauni la kumi na mbili, akapiga magoti na pini tatu mdomoni. Pindo lilikuwa limepanda upande mmoja. Kila mtoto wa watu ameshonewa sawasawa, gauni la wake tu ndilo lililopinda.

"Geuka kidogo," alisema kwa meno yaliyobana. "Kidogo tena. Hapo, simama mwenyewe."